Rangi ya Kiwandani, Lakini Kiwanda Gani?

Watu sita walikuwa wamelizunguka gari bovu chini ya mwembe, na kila mmoja alikuwa na rangi yake. Wa kwanza alisema gari hilo tangu hapo lilikuwa la kijani. Wa pili akaapa kwamba alilipanda akiwa mtoto nalo ni la buluu. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameketi kando akichambua mboga, akacheka, akasema nyote mwakosea, gari lile lilikuwa rangi ya vumbi maana halikuoshwa hata siku moja. Nami mgeni kutoka pwani nilikaa juu ya kigoda nikisikiliza, hata nikang'amua kwamba ubishi ule haukuwa wa mzaha.

Mahali penyewe ni Ndhiwa, katika kaunti ya Homa Bay, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya South Nyanza. Msomaji wa Mombasa au Lamu ambaye hajapata kufika huko na aifuate njia pamoja nami. Ukishatoka Kisumu unapita Kendu Bay, mji wenye Waislamu wa tangu na tangu ambapo msafiri hakosi mahali pa kusali Ijumaa yake. Unafika Homa Bay ukingoni mwa ziwa, unakata kuelekea Rodi Kopany, na kutoka hapo barabara ya Karungu inakuingiza Ndhiwa kwenye mashamba ya miwa. Si mbali na hapo liko bonde la Lambwe, ambalo kwa miaka mingi lilisifika kwa mbung'o na ugonjwa wa malale, na ambalo mwaka 1983 lilipata mbuga ya taifa iitwayo Ruma.

Nilikwenda kumzuru rafiki yangu tuliyefundisha naye shule moja huko Mombasa kwa zaidi ya miaka 20. Yeye hunikumbusha ujana wetu kwa kuniita Maalim, nami humwita Mwalimu, na hatujawahi kuitana vinginevyo. Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya chasi ndefu. Marehemu baba yake aliinunua katika mnada wa magari ya serikali mwaka 1984, akaifanyia kazi mpaka ikamshinda. Ilibeba miwa, wagonjwa, maharusi na maiti. Sasa Mwalimu alikuwa ameazimia kuifufua, ili siku ya kumkumbuka mzee wake itoke uani kwa nguvu zake yenyewe, ikiwa katika rangi yake ya asili. Fundi wa kupuliza rangi alikuwa amekwisha kuja kutoka Homa Bay, amekwisha pokea arbuni, na kopo la lita 4 la rangi iitwayo Bronze Green lilikuwa limekwisha nunuliwa Nairobi. Kulikuwa kumebaki siku tatu mashine ya kusugulia iwashwe.

Hapo ndipo nilipoingilia mambo ya watu. Na kabla msomaji hajauliza mgeni anahusika nini, acha nieleze kidonda changu.

Marehemu baba yangu alikuwa na Morris Minor. Baada ya kufariki kwake sisi watoto tulitaka kuirudisha ilivyokuwa, tukaipeleka katika gereji moja mjini Mombasa, ambayo jina lake nalihifadhi. Tulisema tunataka rangi ya kwanza. Waliitikia vizuri, wakaikwangua gari yote mpaka bati likang'aa kama sahani mpya, ndipo wakatuuliza, "Haya, rangi ya kwanza ilikuwa gani?" Hatukuwa na jibu. Mama alisema ilikuwa rangi ya chai iliyozidi maziwa. Kaka yangu alisema ni kijivu. Picha zote tulizokuwa nazo zilikuwa nyeusi na nyeupe. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba Uingereza, katika mji mdogo wa Gaydon, kuna jumba la makumbusho ya magari linalohifadhi vitabu vya viwanda vya Morris, Austin, Rover na wenzao, na kwamba ukiwapelekea nambari ya chasi na ada yao wanaweza kukupa hati inayosema gari lilitoka lini, likapelekwa nchi gani, na likiwa na rangi gani. Nilikimbilia gereji kutafuta kibao cha nambari. Kilikuwa kimetupwa pamoja na maganda ya rangi. Gari lile tulilipaka nyeupe kwa kukata tamaa, na mpaka leo nikikumbuka nyeupe ile naona haya.

Kwa hiyo nilipoona mashine ya kusugulia pale Ndhiwa roho ilinipasuka. Nilimwomba Mwalimu anipe siku mbili.

Kwanza tuyaache haya ya kuulizana. Kumbukumbu ya mtu ni kitu cha thamani, lakini kwa habari ya rangi ni shahidi dhaifu mno, na sehemu ya udhaifu huo imo katika lugha zetu zenyewe. Kiswahili kina rangi tatu tu zilizo na mzizi wake wenyewe, yaani nyeusi, nyeupe na nyekundu. Zilizobaki tumeziazima kutoka katika vitu: kijani katika majani, kijivu katika jivu, kahawia katika kahawa, manjano katika bizari, zambarau katika tunda, na buluu na samawati tumezipokea kwa wageni. Wajaluo nao wana rateng', rachar na rakwar, ndizo nyeusi, nyeupe na nyekundu, na wakifika kwenye kijani hukimbilia mboga kama sisi tunavyokimbilia majani. Basi mtu akikwambia gari lilikuwa kijani miaka 40 iliyopita, yafaa umuulize ni majani gani. Jani la mgomba, la mkunazi, au la muhogo lililoanza kunyauka? Kati ya hayo matatu kiwanda cha magari kinaweza kutia rangi kumi mbalimbali, kila moja na nambari yake.

Tena watu hukumbuka kile wanachosikia kwa wengine. Muulize yeyote gari la kwanza la Ford lililouzwa kwa mamilioni, lile la Model T, lilikuwa rangi gani, atakwambia jeusi, maana kila mtu amesikia kisa cha bwana Henry Ford kwamba mnunuzi achague rangi aitakayo mradi iwe nyeusi. Ukweli ni kwamba gari hilo lilianza mwaka 1908, na katika miaka yake ya mwanzo liliuzwa kwa kijani, nyekundu, buluu na kijivu. Weusi mtupu ulitawala kuanzia 1914 hadi 1925, na mwaka 1926 rangi zikarudi. Lakini kisa kimeishinda historia, na bila shaka ziko Model T zilizopakwa nyeusi na wajukuu waliodhani wanazirudishia uasili wake.

Land Rover nayo ina kisa chake kama hicho. Ilipotolewa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma ni kwa mgao, na husimuliwa kwamba kijani chake cha mwanzo kilitokana na masalio ya rangi ya ndege za kivita. Baadaye kikaja kile kijani kizito cha Bronze Green, ambacho Waingereza wanacho hata katika orodha yao ya viwango, BS 381C, nambari 224. Ndicho kijani cha vitabu na cha filamu. Kwa hiyo kila anayefufua Land Rover hununua Bronze Green bila kuuliza, na ndivyo alivyofanya Mwalimu. Kumbe hata huko Solihull zilikotengenezwa zilikuwapo za kijivu, za buluu ya bahari, za rangi ya mchanga, na za ile nyeupe iliyofifia waliyoiita Limestone, yaani jiwe la chokaa.

Shahidi wa pili ni karatasi. Mwalimu alileta logbuku ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kama hirizi. Humo rangi imeandikwa kwa neno moja tu, kijani, kwa Kiingereza. Vijana waliokuwapo wakashangilia. Nikawaambia subirini, tazameni tarehe. Gari lilipokuwa la serikali lilikuwa na nambari za GK. Liliponunuliwa mnadani mwaka 1984 lilisajiliwa upya kwa jina la raia, likapata kibao cha mtindo wa wakati ule, herufi tatu na tarakimu, bila ile herufi ya mwisho iliyoanza kutumika mwaka 1989. Logbuku ile ni ya siku hiyo. Inasema gari lilikuwa la rangi gani likiingia mikononi mwa mzee, haisemi lilizaliwa likiwa la rangi gani. Kabla ya hapo lilikuwa limefanya kazi miaka kadhaa, na hakuna aliyejua kazi gani, isipokuwa mzee alikuwa akisema kwamba lilikuwa la watu wa mbung'o.

Tukaitafuta nambari ya chasi. Katika Land Rover za wakati huo nambari iko kwenye kibao ndani ya gari, na pia imegongwa kwenye chasi yenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na pale springi inaposhikwa. Kibao hakisomeki? Chukua brashi ya waya na mafuta ya taa ukasugue matope. Tulisugua nusu saa, kijana mmoja akiwa amelala chini ya gari na kusema maneno ambayo sitayaandika, hatimaye tarakimu zikaonekana. Zilianza na 913.

Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana ndipo penye siri. Katika Land Rover Series III ya chasi ndefu na injini ya petroli, kabla utaratibu wa nambari haujabadilishwa mwishoni mwa 1979, zilizoanza na 911 ziliuzwa Uingereza kwenyewe. Za 912 zilitoka kamili kiwandani zikapakiwa meli kuja nchi zinazoendesha kushoto kama yetu. Na za 913 hazikutoka kama magari. Zilitoka kama vipande ndani ya masanduku, zikaunganishwe huko ziendako.

Na zilikokwenda, kwa upande wa Kenya ya miaka hiyo, ni Thika. Kampuni ya Leyland Kenya ilianzishwa mwaka 1974, serikali ikiwa na hisa zake, na ikawa inaunganisha Land Rover na magari mengine pale Thika. Kiwanda hicho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Katika miaka hiyo hiyo Mombasa ilipata Associated Vehicle Assemblers pale Miritini, na Nairobi ikapata General Motors. Serikali ilitaka kazi ifanyike nchini, na moja ya kazi hizo ilikuwa kupaka rangi.

Basi ile Gaydon niliyoililia miaka yote kwa ajili ya Morris ya baba haingeweza kumsaidia Mwalimu hata kwa senti. Vitabu vya Uingereza vinaweza kusema sanduku liliondoka lini. Haviwezi kusema mtu wa Thika alijaza rangi gani ndani ya bunduki yake ya kupulizia. Tunaposema rangi ya kiwandani tunawaza Solihull, na kiwanda kilichoipa rangi gari hii kiko umbali wa kilomita 40 na kitu kutoka Nairobi, kando ya barabara ambayo wengi wetu tumeipita tukisinzia ndani ya basi.

Alikuwa amebaki shahidi mmoja, gari lenyewe.

Wenzangu wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja hawatashangaa na nitakayoyasema. Wanajua kwamba ukuta wa nyumba ya kale ni daftari. Kila mwaka watu walipaka chokaa juu ya chokaa, hata nakshi za zidaka zikajaa na kupoteza makali yake, na fundi mwenye subira akitaka kujua ukuta ulivyokuwa huchagua pembe moja iliyojificha, akabandua ganda baada ya ganda. Gari ni vivyo hivyo. Na Land Rover inatusaidia zaidi kwa sababu bodi yake si ya bati la chuma, ni aluminiamu, haili kutu. Kwa hiyo matabaka ya chini hayakuliwa, yamekaa pale yakingoja.

Mahali pa kutazama si boneti. Boneti za Land Rover huhama kutoka gari hadi gari kama masufuria ya harusi, na milango hali kadhalika. Unatafuta mahali ambapo mpuliza rangi mvivu hafiki: chini ya viti, nyuma ya dashibodi, chini ya bawaba za milango, nyuma ya kibao cha nambari, na chini ya mpira wa sakafu. Tena usitosheke na mahali pamoja. Tulichagua patatu.

Kazi yenyewe ni ya maji na subira. Unachukua msasa wa maji, unaanza na ule wa 400, unaendelea na 800, unamalizia na 1200, ukiulowesha kwa maji ya sabuni. Unasugua duara ndogo kama sarafu ya shilingi 20, katikati ukizidisha, kandokando ukipunguza. Ukimaliza utaona pete ndani ya pete, mfano wa mti uliokatwa, na kila pete ni rangi moja katika maisha ya gari. Fundi wa Homa Bay, ambaye mwanzoni alisimama mbali amekunja mikono kama mtu aliyedhulumiwa, alisogea, akaniondolea msasa mkononi, akasema, "Mzee, wewe unasugua kama mtu anayeosha kikombe. Lete." Kuanzia hapo kazi ilikuwa yake, na niseme ukweli, mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu mara mia.

Juu kabisa ilikuwa nyeupe, na si ya gari, ni ya nyumba, ile ya kupaka milango. Chini yake buluu; kwa hiyo yule aliyeapa hakusema uongo. Chini ya buluu kijani. Pale pakatokea furaha kubwa, na kama tungekuwa na haraka tungeishia hapo na kula chakula. Lakini fundi mwenyewe ndiye aliyenyanyua mkono. Alitazama ubavu wa nyuma, akaona kwamba chini ya kijani kuna puti. Puti hutiwa pale palipobonyea. Gari halitoki kiwandani na puti ya mkono. Kwa hiyo kijani kile kilikuja baada ya ajali, nacho ni rangi ya gereji.

Alifanya jaribio jingine lililonifurahisha zaidi. Alilowesha kitambaa kwa thina, akakibana juu ya pete ya kijani kwa dakika moja. Kitambaa kikatoka kijani. Mafundi huiita rangi hiyo NC, ndiyo nitroselulosi, hukauka haraka na thina huiyeyusha hata baada ya miaka mingi. Siku hizi wengi hutumia ile ya 2K, inayochanganywa na hadina, ambayo ikishashika thina haiigusi. Alipofanya vile vile kwenye pete ya chini ya kijani, kitambaa kilitoka safi. Rangi ile haikuwa NC, na mwaka 1984 gereji za mitaani zilikuwa zikitumia NC. Ilikuwa na dalili zote za enameli iliyookwa jokoni, na joko la kuoka gari zima hupatikana kiwandani.

Pete hiyo ya chini, iliyokalia praima yenyewe, ilikuwa kijivu.

Ilikuwa kijivu chini ya kiti cha dereva. Ilikuwa kijivu nyuma ya dashibodi. Na nyuma ya bawaba ya mlango wa kushoto ilikuwa kijivu pia, ingawa iliyoelekea umanjano kidogo. Kijana mmoja akasema basi hizo ni rangi mbili. Sivyo. Rangi za asili ya mafuta zikifichwa gizani miaka mingi huingia umanjano, na ukiziacha kwenye mwanga siku chache umanjano hupungua. Ndiyo sababu mtu hapaswi kukimbia na kipande kilichofunuliwa leo kwenda dukani kukilinganisha leo. Kiache kione jua kwanza. Na ukilinganisha, linganisha nje. Kina mama wetu wanaonunua leso Barabara ya Biashara wanaijua kanuni hii kuliko wenye maduka ya rangi. Hakuna anayelipa kabla hajaitoa leso mlangoni kuitazama kwa mwanga wa Mungu, kwa sababu taa za dukani hufanya rangi mbili zionekane ndugu, na nje zikakanana.

Jambo jingine lilitokea ambalo hatukulitafuta. Fundi alipokuwa akilowesha mlango wa kulia ili auoshe tu, jua la alasiri likaugonga kwa ubavu, na chini ya matabaka yote yale yakaonekana mabonde ya herufi. Zamani zilipakwa kwa brashi juu ya kijivu, baadaye zikafunikwa, lakini unene wake ulibaki. Tulisoma E na T, zilizotangulia hazikusomeka, na kwa chini palikuwa na mstari. Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Udhibiti wa mbung'o ulikuwa kazi ya idara ya mifugo, na neno la Kiingereza la idara hiyo lina herufi hizo ndani yake. Mimi sisemi kwamba tulithibitisha neno la mzee. Herufi mbili si hati. Ninasema kwamba mashine ya kusugulia ingezila kwa dakika nne.

Msomaji atadhani habari imekwisha, Mwalimu apake kijivu na sote tuende nyumbani. Mimi nilidhani hivyo hivyo, na nilikuwa nimekwisha andaa hotuba. Ndipo dada yake Mwalimu, ambaye siku mbili zote hakusema neno, aliponiuliza swali ambalo bado linanisumbua. "Baba," alisema, kwa adabu ya kwao, "hiyo rangi ya kijivu marehemu mzee aliijua?"

Hakuijua. Yeye alinunua gari la kijani, na kwa kijani hicho alijulikana kuanzia Ndhiwa hadi sokoni Rodi. Watoto walikuwa wakikiona kijani kinakuja kwa mbali wakakimbia kufungua lango. Kijivu ni rangi ya serikali, ya kiwanda cha Thika na ya mbung'o. Kijani ni rangi ya baba yao. Sasa siku ya kumkumbuka baba, gari litoke kwa rangi ya nani?

Nilikuwa nimeshika msimamo mmoja maisha yangu yote tangu habari ya Morris, kwamba rangi ya kwanza ndiyo rangi ya haki. Pale uani niliona kwamba nimekuwa nikichanganya maswali mawili. Moja ni gari lilitoka vipi kiwandani, na jibu lake limo katika bodi, halihitaji kura ya mtu. La pili ni wenyewe wanataka kukumbuka wakati gani wa maisha ya gari, na hilo ni lao. Sikubaliani na wale wanaodharau jibu la pili kwa kuwa si la kitaalamu. Lakini sikubaliani kabisa na wale wanaolichukua jibu la pili wakalitangaza kuwa ni la kwanza. Mtu akiniuzia gari na kusema ni rangi yake ya kiwandani, na moyoni anajua kwamba ni rangi aliyoipenda yeye, huo si mchezo wa maneno, huyo amenificha kitu katika mauzo, na sisi tumelelewa kujua hukumu ya kuficha.

Na lile kopo la Nairobi? Hapo ndipo palipochekesha. Fundi alisugua ile pete ya kijani ikang'aa, akafungua kopo, akapaka tone kando yake. Bronze Green ilikuwa nzito, ikielekea weusi. Kijani cha mzee kilikuwa chepesi, cha jani la muhogo, kilichochanganywa na fundi fulani wa miaka ya themanini kwa jicho lake. Kwa hiyo rangi iliyonunuliwa kwa bei ya juu kama ya asili haikuwa ya Thika wala ya mzee. Ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza.

Hili ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Waingereza wanabishana kuhusu vivuli vya kijani cha Solihull kwa sababu wanazo kumbukumbu za kubishania. Sisi tulikuwa na viwanda vitatu vikubwa vilivyoyapaka rangi magari yaliyobeba nchi hii, na mimi katika kutafuta kwangu kote sijapata hata karatasi moja ya kuonyesha ni rangi zipi zilitumika Thika mwaka 1978. Treni zina bahati. Jumba la Makumbusho ya Reli liko Nairobi tangu 1971, na mtu aweza kwenda kuona rangi ya damu ya mzee ya vichwa vya treni za East African Railways kwa macho yake. Gari la abiria la Peugeot 504, ambalo msomaji wangu alilipanda akibanwa katikati ya watu tisa, liliunganishwa pale Miritini, na waliolipaka rangi wanaishi kati yetu. Tunasali nao. Wengine tunawaona jioni barazani Changamwe na Magongo wakicheza bao. Wanajua rangi zilikuja katika madebe gani, joko lilikuwa na moto kiasi gani, na ni rangi ipi ilikataliwa ikapelekwa kwa nani. Wamestaafu, na kila mwaka tunasikia tangazo la msiba wa mmoja.

Mwenye kijana shuleni na amtume na daftari. Mwenye gari kuukuu na asiruhusu mashine iguse bati kabla hajafanya zile duara tatu na kuzipiga picha nje, kwenye mwanga. Viwanda vya Thika na Mombasa, ambavyo vingali vinafanya kazi, navyo vifungue makabati yao kabla mchwa hawajamaliza. Wala sidai jumba la makumbusho. Daftari moja lenye majina ya rangi na miaka yake lingenitosha mimi.

Mwalimu ameniandikia wiki iliyopita. Gari limepakwa kijani cha muhogo, kilichochanganywa Kisumu kwa kupimwa kutoka kwenye ile pete. Chini ya kiti cha dereva na nyuma ya dashibodi fundi ameacha kijivu cha Thika kama kilivyo, na mlango wa kulia hakuusugua, amepuliza juu yake kwa wepesi ili mabonde ya herufi yabaki. Ndani ya ule mfuko wa logbuku imewekwa karatasi inayoeleza yote mawili. Kopo la Bronze Green limechukuliwa na mkewe, amelipakia lango la zizi.